Dhahabu Hukaa Maji Yanapochoka

Kaka wa mke wangu alishuka stendi ya Magufuli Jumamosi moja asubuhi akitokea Matombo, kule Morogoro Vijijini, na mzigo wake wa siku zote: mkungu wa ndizi na magimbi. Safari hii iliongezeka chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojaa mchanga. Ndizi na magimbi vilikwenda nyumbani. Chupa aliipakata kwenye daladala mpaka dukani kwangu Buguruni, akasubiri wateja wapungue, ndipo akaitoa kwenye mfuko mweusi.

"Shemeji, angalia mwenyewe. Inawaka."

Iliwaka kweli. Ukiigeuza juani, chembe za manjano zinametameta mpaka unakunja uso. Nilisomea jiolojia kabla maisha hayajanisukuma kwenye saruji na nondo, kwa hiyo chupa za namna hii huniletea ndugu, majirani, na mara moja aliniletea kondakta nisiyemjua. Swali langu la kwanza huwa lile lile, na halihusu rangi.

"Umechota wapi?"

"Mtoni, pale wanapofulia."

"Ulichimba?"

"Nichimbe ya nini, Shemeji? Imejaa juu juu."

Jibu hilo lilinitosha. Dhahabu ya mtoni haijai juu juu, tena mahali ambapo watu wanafua nguo kila siku ya Mungu. Sababu yake ukishaielewa, unaweza kusimama kando ya kijito chochote cha mlimani na kusema wapi ungechimba na wapi ungepita moja kwa moja. Naieleza hapa kwa kirefu kwa sababu video za mchanga unaometa kiganjani haziishi kwenye simu za watu wa Dar, na nimeshaona mtu akiuza bodaboda yake ili aifuate mojawapo.

Tuanze na chimbuko. Dhahabu haizaliwi mtoni. Huzaliwa ndani ya mwamba, chini sana ardhini, ambako zamani za kale maji ya moto yenye madini yalipenya kwenye nyufa, yakapoa, yakaacha mishipa ya kwatzi, lile jiwe jeupe gumu, yenye dhahabu ndani yake. Baadaye milima huinuka, na mvua, jua na mizizi huula mwamba kwa mamilioni ya miaka. Chuma kilichomo hupata kutu, madini mengine hulainika yakawa mfinyanzi. Dhahabu haioti kutu wala haiozi. Jiwe lililoibeba linapokwisha, yenyewe inabaki, inateremka na kifusi cha mlima pole pole, na siku moja kijito kinaipokea.

Kwa hiyo pasipo mishipa kule juu, huku chini utaosha mchanga mpaka mikono ikunjamane. Msimbazi wetu unaanzia kwenye vilima vya Kisarawe na Pugu, na Pugu wenyewe wanajulikana kwa udongo mweupe wa kaolini. Sijasikia mtu mwenye akili zake akitafuta dhahabu pale Jangwani, ingawa kwa mambo mengine pamefukuliwa sana. Chunya ni habari nyingine. Mwaka 1922 dhahabu ilionekana kwenye eneo la mto Lupa, na kufikia miaka ya 1930 maelfu ya watu walikuwa wamemiminika huko, Waafrika na Wazungu, mji ukakua. Wengi wao hawakupasua mwamba. Waliosha changarawe za mito na mabonde, dhahabu ambayo mvua ilikuwa imeshawachimbia. Mtu akikutajia mgodi leo unafikiria shimo lenye kina, karasha linalosaga mawe na vumbi jeupe. Dhahabu ya mtoni haihitaji hata kimoja kati ya hivyo. Inataka kujua uzito unavyoenenda ndani ya maji.

Chukua lita moja ya maji: ni kilo 1. Chombo hicho hicho ukikijaza kwatzi tupu, pasiwe na upenyo, ni kilo 2.65. Ukikijaza dhahabu, kilo 19.3. Hapo dhahabu imezidi mchanga mara saba hivi. Sasa vizamishe vyote viwili. Ndani ya maji kila kitu hupunguziwa uzito sawa na maji kiliyoyasukuma, kwa hiyo kwatzi inabaki na 1.65 na dhahabu 18.3. Tofauti imeruka kutoka mara saba hadi mara kumi na moja! Mchanga umepoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake, dhahabu haijahisi kitu. Bibi anapopeta mpunga hutegemea upepo uondoe makapi na kuacha punje kwenye ungo. Mto nao unapeta, lakini kwa maji, na punje yake imeyazidi makapi mara kumi na moja.

Shemeji alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza kwa heshima tu. Nikaona tufanye kwa vitendo. Nilichukua karai, nikatia koleo moja la mchanga wa ujenzi na maji mpaka ufunikwe. Kisha nikatoa chubwi niliyonunua Feri kwa ajili ya mshipi wangu, ile risasi ya kuzamishia ndoana, nikaikata vipande vidogo kama punje za ulezi na kuvitawanya juu ya mchanga. Risasi haifikii dhahabu, lita yake ni kilo 11.3, ila kwa mfano inatosha. Nikalitikisa karai kushoto na kulia, maji yakiwa bado yamefunika, kwa muda wa kuhesabu ishirini.

"Haya, nitafutie."

Alipekua juu, akapekua katikati. Vipande vyote vilikuwa vimelalia bati la karai. Kila mtikisiko ulilegeza mchanga kidogo, kizito kikapata nafasi ya kushuka hatua moja, na kikishashuka hakipandi tena. Hapo ndipo alipovuta ndoo akaikalia.

Mto ni karai hilo hilo, na mtikisiko wake ni mafuriko. Kiangazi kijito cha mlimani hakisogezi kitu cha maana zaidi ya majani makavu. Kazi yote hufanyika masika, ndani ya siku chache, maji yanapokuwa na rangi ya chai ya maziwa na mawe yanabingirika chini yake. Waliokulia milimani wanaijua sauti hiyo ya usiku, kama watu wanasogeza makabati. Siku hizo sakafu nzima ya mto inatembea. Dhahabu iliyomo inazama na kuzama mpaka igonge kitu isichoweza kukipenya: mwamba wenyewe, au tabaka la mfinyanzi mgumu. Changarawe inayolala juu ya mwamba ndiyo yenye mali. Ile ya juu ni ya msimu uliopita, na mara nyingi haina kitu. Mtu anayechota kiganja cha mchanga wa juu amefungua daftari kwenye jalada akadhani amelisoma.

Sasa, dhahabu haizami popote ilipo. Maji yenye nguvu huibeba, au walau huivuta chini chini, mpaka nguvu ipungue. Ukikiendea kijito, usitazame kinachometa. Tazama pale maji yanapochoka.

Yanachoka kwenye ubavu wa ndani wa kona. Mto ukipinda, maji ya nje hukimbia na kugugumia ukingo, ya ndani huzubaa na kuacha ulimi wa changarawe, na kichwa cha ulimi huo, upande wa juu wa mto, ndipo vizito vinapotangulia kushuka. Yanachoka nyuma ya jabali, kwenye kile kivuli cha maji ambacho samaki wadogo hukipenda. Yanachoka kijito kinapotoka kwenye mteremko mkali na kuingia mahali pa tambarare ghafla, na kijito kidogo kinapokutana na kikubwa vikasukumana. Kama katikati ya maeneo hayo mwamba umejitokeza, angalia nyufa zake. Ufa unaofuata mkondo maji huusafisha kama mfereji. Ufa unaokatiza mkondo ni mtego: changarawe inapita juu, kizito kinatumbukia, na mwaka unaofuata kinatumbukia kingine. Wazoefu hawana haraka na mto, wanakaa na ufa mmoja nusu siku wakiukwangua kwa msumari uliokunjwa na kijiko, mpaka utope wa mwisho, maana wa mwisho ndio wenyewe. Hata mizizi ya nyasi kwenye kingo zinazofunikwa na mafuriko huoshwa ndani ya karai, kwa kuwa huchuja vipande vyembamba kama chujio la chai.

Chini ya maporomoko kila mgeni hukimbilia. Mimi nina mashaka napo. Pale maji yanapoangukia huwa yanachemka na kusaga, na yanaweza kutupa nje hata vizito. Ningeanza kwenye mkia wa lile dimbwi, maji yanapotulia kabla ya kuendelea na safari. Na kabla sijaloa, ningepanda ukingoni mita kadhaa nione kama kuna mawe ya mviringo katikati ya udongo wa shamba. Jiwe la mviringo halikuzaliwa hivyo, mto ndio uliolisugua. Ukilikuta juu ya kingo, maana yake zamani mto ulipita pale kabla haujachimba bonde lake la sasa, na uliacha kule juu sakafu yake nzima pamoja na chochote kilichokuwamo.

Kama kijito kiko mbali, somo la kwanza linapatikana hapa hapa. Nenda Coco Beach maji yakiwa yametoka kupwa baada ya siku za mawimbi makali, utaona michirizi myeusi kwenye mchanga. Mawimbi yamepeta, mchanga mwepesi umeondoka, madini mazito yamebaki. Kule Fungoni, Kigamboni, mchanga mzito wa aina hiyo, wenye ilmenaiti na zirkoni, ni mwingi kiasi cha kufanyiwa mpango wa mgodi. Kwenye karai la mtafuta dhahabu weusi huo unatokea pia, mara nyingi ukiwa na magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, na watu hushangilia. Washangilie kwa kiasi. Mchanga mweusi unakwambia kwamba maji yamechambua sawasawa mahali hapo. Haukwambii kama kwenye uchambuzi huo dhahabu ilikuwamo.

Kuosha karai kunafundishika kwa dakika kumi na kunazoeleka kwa mwezi. Karai jipya lina mafuta ya kiwandani, na kipande chembamba cha dhahabu kikipata mafuta kinaelea na kutoka na maji kama jani, kwa hiyo lichome kwanza kwa moto au lisugue kwa sabuni. Jaza changarawe nusu, zamisha, ponda mabonge ya mfinyanzi kwa mkono mpaka yayeyuke, maana mfinyanzi ni mwizi: unanata kwenye dhahabu na kutoka nayo. Okota mawe makubwa, yaoshe ndani ya karai kabla ya kuyatupa. Tikisa kwa nguvu ili vizito vishuke, ndipo uinamishe kidogo na kuruhusu maji yafagie tabaka la juu. Tikisa tena, fagia tena. Anayeanza hufagia sana na kutikisa kidogo, na hapo anaimwaga. Mwishoni unabaki na kijiko cha mchanga mweusi. Ukauke, upitishie sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, magnetaiti yote itarukia sumaku na dhahabu itabaki karatasini.

Hatua hizo tulizifuata na mchanga wa chupa. Tangu mtikisiko wa kwanza vile vinavyometa vilipanda juu, vikaelea, vikatoka na maji na kung'aa kwenye mtaro wa mbele ya duka.

"Umeimwaga, Shemeji!"

Nilimwokotea vipande vitatu. Kitu kizito hakipandi juu, na kinachopanda juu si kizito. Hapo kesi imekwisha hata kabla ya kupima. Lakini nilipima. Nikaviweka kivulini: vikafa, vikawa rangi ya majani makavu. Dhahabu ina rangi ile ile juani na kivulini, haitegemei pembe unayoitazama. Nikakibonyeza kimoja kwa ncha ya sindano, kikachambuka matabaka kama ganda la kitunguu. Ulanga, basi, yale madini ya kumetameta yanayoitwa pia maika. Ile milima ya Uluguru inao mwingi, hata ulichimbwa enzi za wakoloni. Kama kingekuwa pairaiti, ile ya chuma na salfa inayowadanganya watu kwenye miamba, kingevunjika unga. Dhahabu ingelala tu, ingebonyea, ingekuwa bapa zaidi kidogo. Mjini kuna la tatu la kuogopa: unga wa shaba ya manjano uliosagwa kwa tupa na kuuzwa kama dhahabu ya vumbi. Hilo linabonyea pia na rangi yake inaridhisha. Linaumbuka kwenye mizani, maana lita yake haifiki hata kilo 9, na sonara yeyote wa Kariakoo mwenye jiwe lake na tindikali atakwambia kabla chai haijapoa.

Tuseme lakini umeosha karai na umeona chembe halisi. Wengi hapo huanza kuchimba kama wamerogwa. Mtafutaji hutoa daftari. Chembe tatu kwenye karai moja hazina maana peke yake. Zina maana zikilinganishwa na karai la hatua mia juu yake na jingine hatua mia juu ya hilo. Unapanda mto ukiosha kiasi kile kile kila mahali na kuandika idadi. Ikiongezeka, unakaribia chimbuko. Kwenye makutano unaosha vijito vyote viwili na kufuata kinachotoa. Umbo nalo linazungumza: chembe iliyosafiri sana imepondwa bapa na kulainika kingo, iliyotoka karibu ina mikwaruzo na pembe, wakati mwingine bado imeshika kipande cha kwatzi. Mahali idadi inapokatika ghafla, rudi nyuma na utazame mteremko wa pembeni, kwa kuwa mali imeingilia hapo. Kutoka hapo unaosha udongo wa mlimani, ukipanda kuelekea mwambani.

Halafu hesabu, ambayo hakuna video inayoionyesha. Kipande cha dhahabu chenye upana wa nusu milimita kila upande na unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita unakiona vizuri kwa macho, na moyo unaruka. Uzito wake haufiki nusu miligramu. Gramu moja inataka vipande zaidi ya 2,000 vya namna hiyo. Kama ndoo ya lita 20 inakupa vipande kumi, na hapo mto wako si mbaya, unahitaji ndoo 200 zaidi kidogo ili upate gramu. Hizo ni mita za ujazo nne, karibu tripu nzima ya lori dogo la mchanga, tena ni changarawe ya chini peke yake, bila kuhesabu kifusi ulichokiondoa ili uifikie. Ndiyo maana penye mali ya kutosha watu huacha karai na kutengeneza mfereji wa mbao wenye vizuizi na zulia chini, maji yakafanya kazi ya mikono. Karai ni la kuulizia mto, si la kuvunia.

Shemeji alikuwa anapiga hesabu kwa vidole. Nikamwongezea gharama nyingine kabla hajamaliza.

Vijito vya kwao huishia Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanayofika kwenye mabomba mengi ya Dar. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dhahabu ilionekana Sakale, milima ya Usambara Mashariki, jirani na hifadhi ya Amani. Maelfu ya watu waliingia msituni wakafukua vijito vinavyolisha mto Sigi, na Sigi ndio unaowanywesha watu wa Tanga. Tope halina mpaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na sehemu kubwa ya misitu ya Uluguru ni hifadhi. Nje ya hapo kuna njia ya halali: leseni ndogo ya uchimbaji, ile wanayoiita PML, hutolewa na Tume ya Madini kwa Watanzania, kwa miaka 7, na mzigo unauzwa kwenye masoko ya madini yaliyoanza 2019, la kwanza likiwa Geita. Kuhusu zebaki, ile metali ya majimaji ambayo watu huitumia kunasia dhahabu, sina upole. Dhahabu ya mtoni imeshatenganishwa na mwamba, karai na sumaku na subira vinatosha kuimaliza. Anayechanganya zebaki na kuchoma kwenye kikaangio anavuta mvuke wake na kuwapa majirani, na mabaki yanaingia kwenye samaki. Tanzania iliridhia mkataba wa Minamata mwaka 2020 kupunguza matumizi hayo.

Mwisho wa karai letu ulibaki mchanga mweusi kidogo na chembe nne nyekundu. Alinitazama bila kusema, na nilijua anachowaza, kwa sababu Matombo ina rubi na kila mtoto wa kule analijua neno hilo. Nikamwambia nyekundu nyingi za mitoni ni garneti, na hizi ni ndogo mno hata kwa kubishana. Alizifunga kwenye karatasi ya risiti hata hivyo, akaitia mfuko wa shati.

Kisha akasimama mbele ya rafu, akachagua karai, akaligonga kwa kidole kama anayenunua chungu.

"Hili utaniandikia, Shemeji. Nitalipa Ijumaa, ndizi zikiuzwa."